Msiondoke ngoma inaponyamaza

Kwa miaka minne nilipiga ngoma kwenye kikundi cha sanaa hapa Tanga. Kazi zilikuja kwa misimu: ukimwi, vyandarua, uchaguzi, kisha mazingira. Shirika linaleta ujumbe, sisi tunautafutia mapigo. Siku moja tukapelekwa kijiji kimoja cha pwani, kaskazini mwa mji, kuwahimiza watu waache kukata mikoko. Tulikuwa na ngonjera ya vijana wawili, igizo fupi na wimbo wa kufungia. Uwanja wa shule ulijaa. Watu walicheka pale tulipotaka wacheke. Fulana zikagawiwa.

Tulipokuwa tunafunga vifaa, mama mmoja wa makamo akasimama. Alikuwa ametoka kuokota chaza. Tope la bahari lilikuwa limemkaukia miguuni mpaka magotini, na ndoo yake alikuwa ameifunika kwa kipande cha kanga. Akasema: "Wanangu, mmeimba vizuri, Mungu awalipe. Ila nina swali. Mimi naokota mkandaa mkavu, ni mikoko hiyohiyo, napikia uji wa wajukuu. Lori linakuja usiku kuchukua kuni za tanuri la chokaa. Sasa nyinyi mmetumwa kumkataza nani?"

Watu wakatazamana, kisha wote wakamgeukia mwenyekiti wa kijiji, naye akainamia simu yake. Ofisa aliyetuleta akachukua kipaza sauti: "Asante sana mama, hoja yako tumeipokea." Dereva alikuwa ameshawasha gari. Saa tisa tulitakiwa kuwa kijiji cha pili.

Ripoti ya siku ile naamini iliandikwa vizuri: watu kadhaa wamefikiwa, wanawake kadhaa, vijana kadhaa. Swali la yule mama halikuwa na safu ya kuliandika. Na kwangu mimi swali lile ndilo lilikuwa igizo lenyewe. Pale ndipo watu walipoacha kucheka wakaanza kufikiri, na pale ndipo sisi tulipopanda gari.

Tangu hapo nimekuwa na msimamo mmoja, na watu wa fani yangu wengine hawaupendi: sanaa ya kubadilisha jamii kazi yake kubwa huanza ngoma inaponyamaza. Msanii asiyebaki kusikiliza amefanya nusu ya kazi, tena nusu iliyo rahisi.

Nimejiuliza tabia hii ya kuimba na kuondoka tuliitoa wapi. Sehemu yake naiona kwenye ngonjera yenyewe. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, mshairi Mathias Mnyampala na wenzake wa UKUTA, chama cha washairi, waliieneza ngonjera nchi nzima ili kufundishia siasa ya Ujamaa. Wengi wetu tuliokulia Tanzania tumewahi kusimama mstarini shuleni tukiighani mbele ya mgeni rasmi. Naipenda. Lakini tazama ilivyojengwa: yupo asiyejua, yupo mjuzi, wanabishana beti kadhaa, na mwishoni asiyejua anakubali. Jibu lipo kabla ya ubeti wa kwanza. Ukiipeleka fani hiyo kijijini kuzungumzia mikoko, umeshaamua kwamba mwanakijiji ndiye asiyejua.

Na hapo ndipo tulipokosea vibaya. Yule mama anaujua mkandaa, anaujua mchu, anaujua msinzi na mkoko wenyewe, kila mti kwa jina lake. Anajua upi unatoa boriti na upi unawaka taratibu bila kumtoa machozi jikoni. Anajua kwamba kamba na samaki wadogo hujificha kwenye ile mizizi, kwa sababu yeye ndiye anayerudi na ndoo tupu mizizi ikiisha. Tulimfundisha nini? Jambo ambalo watu hawalijui kabisa, wimbo unaweza kulifundisha, na nyimbo zetu za vyandarua sizijutii. Ila mikoko haikatwi kwa kutojua. Inakatwa kwa sababu ya njaa na kwa sababu kuna mtu anapata faida, na mambo hayo mawili hayaishi kwa kuambiwa.

Kwenye ushairi wetu wa zamani kuna njia nyingine: kujibizana. Muyaka bin Haji wa Mombasa na washairi wa Lamu wa wakati wake walirushiana beti juu ya vita na utawala, na hakuna aliyejua mapema nani atanyamazishwa. Usukumani wana Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, na umati ndio unaoamua kwa miguu yake: upande uliovuta watu wengi ndio ulioshinda. Hizo ni sanaa ambazo mtazamaji ana kura. Kuziacha na kubaki na kipaza sauti cha mgeni rasmi kumetugharimu.

Wapo waliolifahamu hili zamani. Miaka ya mwanzo ya 1980 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, mkoani Mwanza, wakakaa na wanakijiji na kutengeneza nao maigizo juu ya matatizo ambayo wanakijiji wenyewe waliyataja. Kisha mwaka 1996 Penina Mlama na Amandina Lihamba wa chuo hichohicho wakaanzisha mradi wa Tuseme kwa ajili ya wasichana wa sekondari. Ninapenda mpangilio wake. Wasichana wanachunguza wao wenyewe nini kinawakwamisha, wanatafuta chanzo, wanatunga igizo, wanalionyesha mbele ya shule nzima, walimu wakiwemo. Halafu wanajadiliana, na baada ya hapo wanaamua hatua gani zichukuliwe. Igizo liko katikati ya safari. Hebu fikiria msichana anayesumbuliwa na mwalimu, anasimama kuigiza jambo hilo huku walimu wamekaa safu ya mbele. Hakuna fulana inayoweza kufanya kazi hiyo. FAWE, jukwaa la wanawake wa Afrika katika elimu, likaichukua Tuseme na kuipeleka nchi nyingine za bara hili.

Kwa upande wa mazingira, mfano unaonigusa zaidi ni chombo kilichoundwa Lamu. Fundi Ali Skanda na wenzake waliyeyusha taka za plastiki, wakazigeuza mbao, wakazichonga kwa ufundi uleule wa kuundia majahazi: mkuku, mataruma, mbao za ubavuni. Juu yake wakafunika kwa vipande vya kandambili zilizookotwa ufukweni, kiasi cha 30,000. Wakakiita Flipflopi. Kilishushwa majini mwaka 2018, na mwanzoni mwa 2019 kikatweka tanga kutoka Lamu hadi Zanzibar, kilomita 500 hivi, kikitia nanga njiani kuzungumza na wanafunzi, wavuvi na viongozi. Mwaka 2021 walikuwa Ziwa Victoria, wakizunguka Kenya, Uganda na Tanzania.

Mtu wa pwani akiona mashua ya rangi zote zile inakuja, haombi kuelezwa ujumbe. Anaigonga ubavuni kwa kidole, anauliza imezibwa kwa kitu gani, itahimili upepo wa kusi au haitahimili. Ni maswali ya fundi kwa fundi. Ukishajibizana na mtu juu ya msumari na mbao, mnaweza kujibizana pia juu ya nani anazalisha chupa hizi na nani anatakiwa kuzirudisha. Ndiyo maana nakiita sanaa, ingawa wengine watasema ni uhandisi. Kimewaheshimu wanaokitazama.

Najua jibu la wafadhili, nimelisikia vikaoni: sanaa ni polepole, sheria ni haraka. Kweli. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019, na sokoni kwetu vikapu vilirudi ndani ya wiki chache, bila wimbo. Sibishi hata kidogo. Kama kinachotakiwa ni amri, itungwe amri, wasanii wasikodiwe kuipigia tarumbeta. Wasanii waitwe pale ambapo amri ipo na haifuatwi, kama kwenye mikoko ambayo kuikata bila kibali ni kosa tangu zamani na lori bado linakuja. Hapo kuna jambo linalojulikana na wote lisilosemwa na yeyote.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaotoa fedha ni la bajeti. Lipeni usiku mmoja wa kulala kijijini baada ya onyesho. Lipeni kurudi baada ya mwezi. Msitulipe kwa idadi ya vijiji. Afadhali vijiji viwili tulivyovimaliza kuliko kumi na viwili tulivyopita kama upepo. Na wasanii wenzangu, tukatae kazi inayokuja na mistari iliyokwisha andikwa. Najua posho inauma kuiacha, nimewahi kuihitaji kwa kodi ya chumba.

Mwaka jana nilirudi kile kijiji na wenzangu wawili, kwa nauli yetu. Yule mama yupo, amezeeka kidogo, alinitambua kwa ngoma niliyobeba. Tumekwenda mara tatu sasa. Akina mama wanatunga wimbo wa kujibizana: mkandaa una beti zake, jiko lina beti zake, kamba wa mizizini naye amepata mbili, na hizo mbili zinachekesha mpaka watoto wamezishika. Ubeti wa mwenye lori umeshatungwa. Bado hatujampata wa kuuimba. Kila anayetajwa anasema yeye ana watoto, au mume wake hubeba mizigo pale tanurini. Safari ya mwisho tulikaa mpaka magharibi tukilizungumza hilo tu, ngoma ikiwa imelazwa mkekani, na tumekubaliana tukutane tena maji makuu yakipita.