Mizani ya kada katika Dungeons & Dragons ya 2024: aliyepunguzwa na aliyeachwa

Septemba 2024 kampuni ya Wizards of the Coast, iliyo chini ya Hasbro, ilitoa kitabu kipya cha wachezaji wa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao wachezaji huigiza wahusika wa hadithi za kubuni na kuamua matokeo kwa kurusha dadu. Kampuni haikuliita toleo la sita. Misingi ya kanuni za mwaka 2014 imebaki, na kada 12 za wahusika, kuanzia mpiganaji na kasisi hadi mchawi na mtawa, ni zilezile. Kilichobadilika ni uwezo wa kila kada, na kwa baadhi yake mabadiliko ni makubwa kiasi kwamba mtu aliyemzoea mhusika wake kwa miaka kumi lazima ajifunze upya kumchezesha. Wapo wanaosema urekebishaji huu umesawazisha mchezo uliokuwa umeinamia upande mmoja, na wapo wanaosema umewabana wasiokuwa na kosa. Mimi naona kila upande una hoja yake, ila umepunguzwa zaidi uwezo unaoonekana kwa macho kuliko uwezo unaoamua hadithi iende wapi.

Wapinzani wa mabadiliko huanza na swali ambalo si la kupuuzwa: katika mchezo ambao wachezaji wote wako upande mmoja, usawa una kazi gani? Paladini, shujaa mwenye upanga na nadhiri takatifu, akimwangusha joka peke yake, mtawa na mjanja wa kundi lake wameshinda pamoja naye, na msimamizi wa mchezo, ambaye ndiye anayewaendesha maadui wote, anaweza kuleta joka la pili wakati wowote. Historia inawaunga mkono kwa kiasi. Toleo la nne, la mwaka 2008, lilizipa kada zote muundo mmoja wa uwezo, yaani wa kutumika kila mara, wa mara moja kwa pambano na wa mara moja kwa siku, na wachezaji wengi wakalalamika kwamba mpiganaji na mchawi walikuwa wamebakiza tofauti ya mavazi tu. Hata hivyo, mezani hugawanywa pia muda, si ushindi peke yake. Watu watano hukaa saa tatu au nne, zamu ya kila mmoja huja baada ya dakika kadhaa, na mchezaji ambaye zamu yake haibadilishi chochote amekuja kuwatazama wenzake wakicheza. Tena, joka la pili lililoletwa kwa sababu ya paladini haliendi kumtafuta paladini peke yake. Mara nyingi atakayeliwa ni mtawa.

Paladini ndiye mfano unaobishaniwa kuliko wote. Kwa kanuni za 2014, kila alipompiga adui kwa silaha ya mkononi aliweza kuteketeza nafasi moja ya uchawi, yaani sehemu ya akiba yake ya uchawi ya siku, na kuongeza madhara: dadu mbili za pande 8 kwa nafasi ya daraja la kwanza, tatu kwa daraja la pili, hadi kufikia tano. Hapakuwa na ukomo wa mara ngapi kwa zamu. Paladini wa ngazi ya 5 kati ya ngazi 20 za uzoefu, mwenye mapigo mawili, aliweza kurundika dadu sita za pande 8 katika zamu moja, wastani wa pointi 27 mbali na madhara ya upanga wenyewe. Kwa kuwa uamuzi ulifanyika baada ya pigo kufika, alikuwa na haki ya kungoja mpaka dadu ya pande 20 ionyeshe 20, ambapo dadu zote za madhara hurushwa mara mbili. Mwongozo wa msimamizi wa wakati huo ulikadiria mapambano sita hadi manane kwa siku moja ya safari, na kwa hesabu hiyo nafasi chache za paladini zingekauka mapema. Lakini meza nyingi hucheza pambano moja au mawili makubwa, kisha wahusika wanalala na kuamka wakiwa wazima. Katika siku fupi kama hiyo paladini hana sababu ya kubana matumizi, na adui mkuu aliyeandaliwa kwa wiki nzima anakufa kabla mchawi hajapata zamu ya pili.

Toleo la 2024 limeligeuza pigo hilo kuwa uchawi kamili, unaotumia tendo la ziada, yaani tendo dogo linaloruhusiwa juu ya tendo kuu la zamu, mara tu silaha inapompata adui. Tendo la ziada ni moja tu kwa zamu, kwa hiyo mrundikano umekwisha. Kama fidia, paladini analitumia mara moja bila kulipa nafasi kati ya mapumziko marefu mawili, na uponyaji wake wa kuwekea mikono, uliokuwa unakula tendo lake zima, sasa nao unahitaji tendo la ziada tu.

Malalamiko yaliyofuata hayana uzito sawa. Linalosikika sana ni kwamba adui mwenye uchawi wa kubatilisha sasa anaweza kulizima pigo takatifu. Ni kweli, lakini uchawi huo wa kubatilisha nao umedhoofishwa: anayelengwa hurusha dadu ya kujinusuru, na hata akishindwa haipotezi nafasi aliyotaka kuitumia. Paladini, ambaye kuanzia ngazi ya 6 nyongeza itokanayo na haiba yake huingizwa kwenye dadu zote za kujinusuru, ni miongoni mwa watu wa mwisho wa kuogopa jambo hilo. Lalamiko zito ni jingine. Adui anapomkimbia shujaa, kanuni humpa shujaa pigo moja nje ya zamu yake, na zamani paladini aliweza kulitia moto wa mbinguni pigo hilo. Sasa hawezi, kwa kuwa tendo la ziada hupatikana ndani ya zamu yake mwenyewe tu. Kada iliyokusudiwa kusimama mlangoni na kusema hakuna apitaye imenyimwa silaha yake kali katika dakika ileile ambayo mtu anajaribu kupita.

Watetezi wana jibu, na ni jibu zuri. Chukua zamu moja: kasisi ameanguka na anakaribia kufa, mbele ya paladini yuko zimwi lililojeruhiwa, na pigo la upanga limefika. Je, atumie tendo la ziada kulimaliza zimwi au kumwinua kasisi? Mwaka 2014 swali hilo halikuwapo kwa sura hii. Aliyetaka kuponya aliacha kupiga, na aliyetaka kupiga alipiga mpaka nafasi zikaisha. Kanuni mpya imeleta uamuzi wenye uchungu mahali palipokuwa na hesabu ya kujumlisha tu.

Nakubali, lakini bado naona njia iliyochaguliwa si sahihi ingawa lengo lilikuwa sahihi. Kitabu hichohicho kina mfano bora katika kada ya mjanja, ambaye shambulio lake la kuvizia huongeza madhara mara moja kwa zamu, hata zamu ikiwa ya mtu mwingine, wala halidai tendo la ziada. Sentensi ya namna hiyo ingeukata mrundikano wa paladini bila kumnyang'anya ulinzi wa mlango, na bila kumfunga mdomo, maana uchawi mpya unadai atamke maneno, kwa hiyo akizingirwa na uchawi wa ukimya upanga wake unabaki chuma kitupu.

Kwa mtawa kazi imefanywa kwa ustadi zaidi. Mtawa wa 2014 alikuwa maskini: ngumi zake zilianza na dadu ya pande 4, na karibu kila jambo la maana alilotaka kulifanya, hata kukimbia haraka au kujitoa mikononi mwa adui kwa tendo la ziada, lilimgharimu pointi kutoka akiba ndogo iliyolingana na ngazi yake. Sasa dadu inaanza na pande 6, kukimbia na kujitoa ni bure, na kuanzia ngazi ya 3 anaweza kupunguza madhara ya upanga au rungu kama zamani alivyoweza kudaka mishale tu; kwa mtawa wa ngazi hiyo mwenye wepesi wa kawaida, ni wastani wa pointi 11 au 12 zinazofutwa kwa pigo moja. Papo hapo wabunifu walimkata mahali palipostahili kukatwa. Pigo lake la kumduwaza adui, ambalo zamani angeweza kulijaribu hata mara nne katika zamu moja mpaka dadu ya adui imsaliti, sasa ni mara moja kwa zamu, na adui akinusurika bado mwendo wake hupungua nusu na pigo linalofuata dhidi yake hurushiwa dadu mbili, ikachukuliwa iliyo kubwa. Msimamizi amepata adui mkuu ambaye hasimami kama gogo raundi tatu mfululizo, na mchezaji amepata zamu ambayo haitoki patupu. Hapa sioni upande wa pili wenye hoja ya kutosha.

Druidi wa mwezi, mtumishi wa maumbile anayejigeuza mnyama, naye alipunguzwa kwa haki. Ngazi ya 2 tu, kwa kanuni za zamani, aligeuka dubu mwenye pointi 34 za uhai, na akiuawa akiwa dubu alirudi kuwa mtu akiwa na uhai wake mwenyewe, kisha akageuka dubu tena. Sasa kujigeuza kunampa uhai wa muda ulio mara tatu ya ngazi yake.

Wapiganaji wamepewa umahiri wa silaha, yaani kila silaha ina athari yake: rungu zito humwangusha adui, upanga mkubwa humkwaruza hata pigo likikosa, na kadhalika. Ni zawadi iliyochelewa kwa kada ambayo zamu zake zilifanana mno, ingawa ina gharama isiyoandikwa kitabuni. Mpiganaji wa ngazi ya 11 ana mapigo matatu, na kwa rungu kila pigo linalofika laweza kumdai msimamizi dadu ya kujinusuru mpaka adui aanguke. Katika chumba chenye maadui sita, zamu hiyo hurefuka, na wanaosubiri ndio wanaolipa.

Upande wa wachawi ndiko mkono wa wabunifu ulikokuwa mwepesi. Yapo yaliyoguswa: ngome ya nguvu iliyomfungia adui karibu bila njia ya kutoka sasa inadai mchawi aishikilie kwa umakini (hali inayoruhusu uchawi mmoja tu kwa wakati, na inayoweza kuvunjwa akiumizwa), na uchawi wa kuita wanyama wanane, uliowachosha wasimamizi kwa miaka, umekuwa kundi moja la mizimu. Lakini kusafiri kwa kufumba na kufumbua, kusoma fikra za watu na kutamani jambo likawa, vyote vimebaki karibu kama vilivyokuwa. Watetezi husema, na si uongo, kwamba mchawi anapowasafirisha wenzake wote wanasafiri, na kwamba mchezo wa uchawi usio na maajabu makubwa hauna mvuto. Mimi siombi maajabu yaondolewe. Ninachokiona ni kwamba paladini alikatwa kwa sababu pointi zake 27 zinahesabika mbele ya kila mtu, ilhali mchawi anayeufanya mlango uliofungwa usiwe kikwazo haonekani popote kwenye jedwali la madhara. Hata ndani ya jedwali hilo macho yalipitiwa: uchawi mmoja wa kuita roho za maumbile ulitoka ukiongeza dadu mbili za pande 8 kwa kila pigo, na nyingine mbili kwa kila daraja la juu zaidi, mpaka masahihisho ya baadaye yalipopunguza nyongeza hiyo ya daraja kuwa dadu moja.

Anayebaki ni mwindaji, na hali yake inasikitisha. Uwezo wake mwingi wa juu umefungwa kwenye uchawi mmoja, alama ya windo, unaoongeza dadu moja ya pande 6 kwa kila pigo na unaodai umakini, sawa na uchawi mwingine mwingi mzuri wa kada yake. Akiuchagua mmoja ameuacha mwingine. Ngazi ya 20, kilele cha kada, inamgeuzia dadu hiyo kuwa ya pande 10, yaani wastani wa pointi mbili zaidi kwa pigo, wakati mchawi wa ngazi hiyo tayari anatamani jambo likawa. Watetezi hutaja wepesi wa kuutumia: mchezaji mgeni anajua zamu yake inaanzia wapi, na mara kadhaa kwa siku alama ni ya bure. Sawa, ila mchezaji wa ngazi ya 13 si mgeni tena. Kuanzia ngazi hiyo kitabu chenyewe kinasema madhara hayawezi kuuvunja umakini wa alama, kwa hiyo kuliondoa sharti lenyewe kungekuwa badiliko la mstari mmoja. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya kanuni hizi, pamoja na kada zote 12, ilitolewa Aprili 2025 kwa leseni huria ya Creative Commons, msimamizi wa Mombasa au Mwanza anaruhusiwa kuuandika mstari huo kwa Kiswahili na kuusambaza bila kumwomba mtu ruhusa.