Kumtazama mpiga piano mahiri: kwanza nota, kisha simu

Siku hizi mwanafunzi wa kinanda wa Mtwara au Lindi hahitaji kusafiri ili amwone mpiga piano mahiri. Bando likiwepo, anamwona kwenye simu. Wapo walimu wa kwaya wanaowahimiza vijana watazame kadiri wawezavyo, na wapo wanaokataza kwa hofu kwamba wataiga tu na nota hawatazijua. Hofu hiyo ina msingi, lakini kukataza kabisa ni kumnyima kijana kitu kikubwa.

Kitu hicho ni kulinganisha. Mpiga piano Glenn Gould wa Kanada alirekodi Goldberg Variations, muziki wa kinanda wa mtunzi Bach, mwaka 1955, akazirekodi tena 1981. Rekodi ya kwanza ni ya dakika 38 hivi, ya pili 51. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na marudio aliyoyaongeza, kwa hiyo tuchukue Aria, yaani kipande cha mwanzo, peke yake: 1955 inaisha kabla ya dakika 2, 1981 inapita dakika 3. Nota zilezile, mtu yuleyule! Mwanafunzi akizisikiliza zote mbili huku nota ziko mbele yake, atasikia wazi ni mambo mangapi karatasi imemwachia mpigaji aamue.

Tatizo ni kwamba jicho hukimbilia yasiyo ya msingi. Gould aliketi kwenye kiti kifupi mno na kuimba chini kwa chini. Vladimir Horowitz, mpiga piano mwingine mahiri, alipiga kwa vidole vilivyonyooka. Hayo ndiyo rahisi kuiga. Tena ala zenyewe hazifanani. Piano ina funguo 88 nzito, na pedali yake ya kulia huziacha nyuzi ziendelee kulia. Vinanda vingi vya kanisani vina funguo 61, nyepesi, na pedali mara nyingi haipo. Kijana wa Masasi akimwiga Horowitz hapo, ataumiza kifundo cha mkono bure.

Kwa hiyo mimi nashikilia mpangilio. Mwanafunzi asome nota kwanza, apige polepole mpaka akwame. Akishakwama, ndipo atazame, tena kipande hichohicho tu, kwa nusu ya kasi. Kabla hajagusa kinanda, mwalimu amuulize: kidole gumba kimepita chini ya kidole kipi? Mkono wa kushoto umepungua sauti wapi? Akishindwa kujibu, video irudishwe nyuma.