Klachi ya kebo au ya mafuta: tuanze na uzito wa pedali

Kijana mmoja wa Chumbageni, hapa Tanga, ana Honda CR-X ya 1990, gari dogo la michezo la gia za mkono, na goti la kushoto linamuuma kila anapotoka Dar. Fundi wake wa Ngamiani amemshauri aachane na kebo, afunge klachi ya mafuta: masta (silinda yenye pistoni) ya juu kwenye pedali, masta ya chini kwenye gia boksi, na bomba la kuziunganisha. Kijana kaniuliza kama fundi yuko sahihi. Naona fundi hajakosea, ila ameruka hatua moja.

Hatua yenyewe ni kujua uzito unatoka wapi. Tuliichomoa ile kebo tukailaza juu ya meza. Ukivuta ncha moja, inakwama, inaachia, inakwama tena. Ganda lililopita jirani na ekzosi lilikuwa limekauka na kupasuka, na ndani nyuzi tatu za chuma zilikuwa zimekatika, zimesimama kama singa za mkonge, zimeshika kutu. Hewa ya chumvi ya mji huu haina huruma na waya ulio wazi. Bushi ya pedali nayo ilikuwa imelika upande mmoja. Hapo bado presha pleti, sahani ya springi inayobana pleti ya klachi, ambayo huwa nzito kadiri klachi inavyokwisha. Gari likiwa na maradhi hayo, kulifungia masta mpya ni kumpa mgonjwa dawa kabla hajapimwa.

Hata hivyo hoja ya mafuta ina nguvu, na watengenezaji wenyewe wameikubali. Porsche 911 ilitumia kebo hadi 1986. Mwaka 1987 ilipopata gia boksi ya G50 ikahamia kwenye mafuta. Honda nao walihama na kizazi cha Civic kilichozinduliwa Septemba 1991. Mafuta hayasuguani na kona, na mfumo hujirekebisha wenyewe pleti ya klachi inapolika, wakati kebo inadai kukazwa kwa mkono. Lakini kwenye 911 injini iko nyuma, kebo inasafiri chini ya sakafu urefu wa gari. Kwenye CR-X injini iko mbele na kebo ni fupi. Faida ipo, ila ni ndogo kuliko ile ya Porsche.

Halafu kuna hesabu. Tuseme masta ya juu ina kipenyo cha milimita 15.87 na ya chini 19.05. Kwa eneo la pistoni, nguvu inaongezeka mara 1.44, pedali inakuwa nyepesi. Lakini mwendo nao unagawanywa kwa 1.44: pistoni ya juu ikisogea milimita 30, ya chini inasogea kama 21. Beringi inayosukuma presha pleti ikihitaji zaidi ya hapo, klachi haiachii sawasawa na gia zinalia. Ukipunguza kipenyo cha chini upate mwendo, uzito unarudi. Ndiyo maana sikubali kauli ya “tafuta masta yoyote ya Hiace, itakaa.” Kukaa itakaa; kufanya kazi ni habari nyingine.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni bati. Lile linalotenga injini na miguu ya dereva liliimarishwa pale kebo inapopita. Ukitoboa tundu jipya pembeni na kufunga masta bila kuweka kipande cha chuma nyuma yake, bati linapinda kila unapokanyaga. Nimeliona hilo kwenye gari jingine: mtu anabonyeza pedali, mwingine ameweka kidole kwenye bati, analisikia likisogea. Mwendo wote unaishia hapo, na baada ya muda linapasuka. Kwenye gia boksi nako, kebo huvuta mkono wa klachi ilhali masta ya chini husukuma, kwa hiyo lazima ichongwe shikizo upande wa pili.

Mafuta ya klachi hii ni yale ya breki, nayo hunywa unyevu, na Tanga unyevu hauishi. Yasipobadilishwa kila miaka miwili hivi, silinda inashika kutu kwa ndani, raba zinaanza kuvuja. Yakimwagikia rangi ya gari, yanaibambua.

Upande wa fundi ninaouheshimu kuliko yote ni spea. Kebo ya CR-X huikuti dukani Barabara ya 12; ni kuagiza nje na kusubiri. Raba za masta za Toyota unazipata mchana huohuo. Kwa mwenye gari moja tu la kwendea kazini, hoja hiyo peke yake inaweza kumaliza ubishi.

Kijana ana pikipiki ya kutembelea, anaweza kusubiri. Nimemshauri aagize kebo mbili, moja afunge na moja ailaze kwenye buti na spana zake, abadilishe bushi, na ganda la kebo alisogeze mbali na ekzosi. Goti likiendelea kuuma, gia boksi ishushwe, presha pleti itazamwe. Akija kufunga injini ya Honda ya baada ya 1991 pamoja na gia boksi yake, hapo ahamie kwenye mafuta bila kusita, kwa sababu masta ya chini ina mahali pake tayari. Siku hiyo fundi aanze na kuimarisha bati, masta ifuate.