Tajiri wa Salari Slipi

Awamu ya kwanza ya majina ya waliopata mkopo wa chuo imetoka, jina halimo. Ya pili imetoka, halimo. Ya tatu ikitoka usijisumbue hata kuwasha data. Mtoto wa mtumishi wa umma hana awamu, ana baba.

Na baba mwenyewe ndiyo huyu. Chukua mshahara wa 1,100,000. PSSSF, mfuko wa pensheni, 5%, yaani 55,000. Bima ya afya 3%, 33,000. Chama cha wafanyakazi 2%, 22,000. Kodi inapigwa baada ya kutoa mchango wa pensheni: 141,500. Sasa tulia hapo. Bodi ya Mikopo 15%, yaani 165,000, deni la shahada ya baba mwenyewe! Zinabaki 683,500, na hapo hujagusa kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kali. Bodi ile ile inayomkamua baba kila mwisho wa mwezi ndiyo inayomwambia mtoto: nenda kwa baba, anazo. Alikuwa nazo. Mnazo ninyi.

Mwenzake aliyepata bumu, hela ya mkopo ya kujikimu, anahesabiwa 10,000 kwa siku ya kula na kulala. Aliyekosa naye ana tumbo, kwa hiyo toa 300,000 kila mwezi kwenye zile 683,500, halafu ukae uwaze ada.

Na kunyimwa huko umekulipia. 30,000 ya maombi kwa kontroo namba, hairudi. Cheti cha kuzaliwa kikahakikiwe RITA, kwa wasajili wa vizazi na vifo. Cha kuzaliwa kinasema Mohamed, cha kidato cha nne Mohammed. Hiyo "m" moja itakupeleka kwa wakili kabla hujaenda kwa wakili wa kusaini fomu.

Lakini safari yenyewe ni ofisi ya serikali ya mtaa. Fomu lazima igongwe muhuri, na anayegonga anakujua. Unaingia umechomekea, maana mtumishi hana nguo nyingine. Bwana mkubwa hatazami fomu, anatazama viatu.

"Mwalimu! Na wewe unaomba?"

"Namwombea kijana, mwenyekiti."

"Si alisoma shule ya kulipia huyu?"

Hapo ndipo heshima inapopasuka. Alisoma, ndiyo, kwa hela ya vikoba! Mama yake alizunguka vikundi vitatu, akikopa cha pili kulipa cha kwanza. Leo ile risiti ya ada imegeuka ushahidi wa utajiri. Unaeleza hayo kwa utulivu wa mtu mzima mpaka sauti inatoka nje, na foleni nzima inageuka kumsikiliza tajiri akilia.

"Basi, basi, mwalimu, lete nigonge." Kidau kimekauka. Anatema mate kidogo (usiangalie), anagonga, mchoro unatoka nusu mwezi. Anagonga tena juu yake; sasa ni mihuri miwili na hausomeki hata mmoja. Chapisha ukurasa mwingine, rudi.

Mdhamini? Ndugu wote wana shughuli siku hiyo. Apatikane, atoe picha na kitambulisho, asaini. Wakili asaini. Ndipo kijana wa steshenari askani kwa simu, kidole gumba chake kionekane vizuri na muhuri ukatike pembeni. Kabla hajabonyeza kutuma, ifungue mwenyewe uisome yote. Muhuri uliokatika ni kiambatisho pungufu, na ukikuta dirisha la maombi limefungwa hakuna wa kumlilia.

Utaambiwa kata rufaa. Rufaa inataka vielelezo vipya, na dhiki ya mtumishi haina kipya. Ni ile ile ya mwaka juzi. Kaya iliyoko TASAF, mfuko wa kusaidia kaya maskini, ina namba yake ya kuthibitisha, na wapewe, wanastahili. Mwenye fremu sita za mitumba sokoni hana salari slipi, kwa hiyo kwenye karatasi ni hohehahe mwenzetu. Wewe dhambi yako imechapwa, ina tarehe na nembo ya taifa.

Ukirudi kugongewa upya, vaa ndala. Siyo zile nene za kuogea hotelini, wataona umesafiri. Zile nyembamba za bluu, iliyokatika kigwe ikashonwa kwa waya. Ingawa siku hizi hata hizo ukimuuliza bei muuzaji anakutazama kwanza shati. Na fundi wa kushona ndala pale kona amehama, sasa anauza vocha, sijui nani kamwambia vocha zina hela…