Ghala Tupu, Faili Limejaa

Ghala limekaa tupu miaka nenda rudi. Popo wamehamia darini na ukoo mzima, panya wanamalizia maganda ya korosho kwenye kona, na hakuna aliyewadai kibali. Ila wewe ingiza jeki moja na bajaji bovu, uone viatu vilivyopigwa kiwi vinavyofika mlangoni na daftari!

Watu wa Mtwara nasi tuna haraka. Mtu anakodi ghala Chikongola, ananunua kopo la rangi nyekundu, anaandika GEREJI kwa herufi zinazopanda mlima, basi, kazi imekwisha. Imekwisha wapi? Jengo halina ugomvi na mtu. Ugomvi uko kwenye hati: imeandikwa "ghala", na ghala halifungui injini. Kinachotakiwa ni mabadiliko ya matumizi ya ardhi, mambo ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007.

Na mwombaji si wewe mpangaji, ni mwenye hati. Haya, mtafute. Marehemu! Ameacha warithi saba: mmoja Tandahimba, mmoja Dar, mmoja kavuka Ruvuma na simu yake inashika mwezi ukiandama. Pasipo msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, fomu haina wa kuisaini. Kwa hiyo kabla hujatoa kodi ya miezi sita, iombe hati uione kwa macho yako, soma palipoandikwa matumizi, halafu mkataba useme kodi inaanza kibali kikitoka. Mwenye jengo atanuna. Anune, kununa hakukatiwi risiti.

Halmashauri wanataka barua, nakala ya hati, mchoro wa kiwanja, barua ya serikali ya mtaa na risiti za kodi ya pango la ardhi. Kukiwa na deni la pango, faili linalala masijala kama mgonjwa. Kisha tangazo gazetini na bango kiwanjani ili mwenye pingamizi aseme. Bango lipige picha siku hiyohiyo, maana kusi ikivuma litakutwa kwa mtu limekuwa mlango wa banda la kuku. Na pingamizi halikosekani: jirani atalalamikia kelele za kompresa, yeye mwenye mashine ya kukoboa inayosikika mpaka Mikindani.

Wakija kukagua, swali la kwanza ni magari yatasubiri wapi, la pili oili chafu itaenda wapi. Hili la pili ndilo linaloangusha wengi. Maji ya sakafuni yapite kwenye mtego wa vyumba vitatu: mchanga unazama, oili inaelea, maji ya chini ndiyo yanayohama chumba. Bomba la kutokea liwe na elbo, kile kiungo kilichopinda, inayotazama chini, mdomo wake uzame ndani ya maji. Sasa fundi wetu anatoboa juu kabisa, "ili yatoke vizuri". Yanatoka vizuri kweli, yakitanguliwa na oili! Jaribu kabla hajalipwa: jaza maji, mimina glasi ya oili chafu chumba cha kwanza, ongeza ndoo moja ya maji, kachungulie cha tatu. Ukiona upinde wa mvua, mwite arudi na tindo yake. Na sakafu usiioshe kwa sabuni ya unga, inaivunja oili ikachanganyika na maji na kupita mtego wote inacheka. Mwaga maranda kwanza, fagia, ndipo maji.

Oili yenyewe ikae kwenye pipa la lita 200 lenye kifuniko, juu ya zege lenye kingo. Lifungie, kila mwenye nguzo inayoliwa na mchwa atakuja na kidumu aombe ya kupaka.

Kamati ya halmashauri ikipitisha ombi, faili linaenda kwa watu wa ardhi kubadilisha masharti ya hati, na kodi ya pango inafuata matumizi mapya. Hujakaa sawa, Zimamoto. Hao watauliza shimo la kukagulia gari, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kutulia humo ukingoja cheche. Kwa hiyo kuchomelea kukae mbali na shimo, mitungi ya kuzimia moto itundikwe karibu, na mlango wa nyuma ulioshonwa kwa misumari ufunguke.

Ukifungua mlango wa nyuma unamkuta mama anayeuza ming'oko, vile viazi pori vya kuchemsha, sufuria jikoni, benchi la wateja limeegemea ukuta wako, na kizingiti hicho ni chake tangu korosho zinapakiwa. Haya, mpelekee na yeye fomu ya mabadiliko ya matumizi.