Eti Basi la Shule ni Boksi Tu!

Jamani, wenzangu mnaotengeneza modeli za 3D, hivi mnavumiliaje? Unamwonyesha mtu basi la shule la Kimarekani, anakwambia: "Si boksi la njano tu hilo?" Boksi! Na zile reli nyeusi za ubavuni, zimejichora? Na ribiti, vile vipini vya kuungia bati, je? Unazipanga moja moja kufuata kila ungio la bati, ukisogeza dirisha kidogo tu, safu nzima inakwenda kombo. Picha za kuigia nazo, zote za mbele! Mlango wa dharura wa nyuma haupigwi picha?

Halafu anatokea mtu kakosea upande: mkono wa kusimamisha magari, ule wenye alama ya STOP unaochomoza ubavuni, kauweka kulia, kwenye mlango. Kulia! Marekani magari hulipita basi kushoto. Mkono huo unamsimamisha nani? Rangi yenyewe ina kiwango tangu 1939, bado watu wanamwaga njano yoyote!