Gazeti, jarida na profesa wa mwaka 2195

Juzi binti wa kaka yangu alikuja kwangu Buruburu na insha iliyorudishwa na mhadhiri wake. Yuko mwaka wa pili, anasoma fasihi katika chuo kimoja hapa Nairobi, na mada aliyopewa ni ukandamizaji wa wanawake katika riwaya za distopia, zile za nchi za kubuni ambako serikali imeoza mpaka inaingia vyumbani mwa watu. Pembeni mwa ukurasa wa tatu palikuwa na kalamu nyekundu: "Hiki si chanzo cha kitaaluma." Kilichotiwa wino ni makala ya gazeti kuhusu wanawake walioandamana wakiwa wamevaa majoho mekundu na kofia nyeupe.

"Shangazi," akaniuliza kabla hata sijammiminia chai, "kwani gazeti ni uongo?"

Riwaya yenyewe ni The Handmaid's Tale ya Margaret Atwood wa Kanada, iliyotoka 1985. Katika nchi ya Gilead wanawake wamenyang'anywa kazi, akaunti za benki, ruhusa ya kusoma na hata majina yao. Wenye kizazi hugawiwa wakubwa wa serikali ili wawazalie. Marekani waliitengenezea tamthilia ya televisheni mwaka 2017, na mavazi yale mekundu yakatoka kwenye skrini yakaingia barabarani, kutoka Texas hadi Argentina.

Mhadhiri ana hoja, tena nzito. Kuna riwaya nyingine, Swastika Night, iliyochapishwa Uingereza mwaka 1937, miaka 12 kabla ya riwaya ya George Orwell iitwayo 1984. Humo Wanazi wameshatawala kwa karne kadhaa, na wanawake wananyolewa vichwa na kufungiwa ndani ya uzio kama mifugo, kazi yao kuzaa tu. Jaladani palikuwa na jina la kiume, Murray Constantine. Jina hilo lilimficha mwandishi kwa karibu nusu karne, mpaka miaka ya 1980 msomi mmoja wa Marekani, Daphne Patai, alipofuatilia na kuthibitisha kwamba Constantine alikuwa mwanamke aitwaye Katharine Burdekin, aliyefariki 1963. Kazi ya namna hiyo huihitaji subira ya mtafiti. Mwandishi wa habari mwenye saa mbili kabla gazeti halijaenda mtamboni haiwezi, na simlaumu.

Lakini geuza upande wa pili. Novemba 2014, katikati ya jiji hili, wanaume walimvua nguo mwanamke mmoja kwenye steji ya matatu wakidai amevaa vibaya. Video ikasambaa kwa simu. Tarehe 17 mwezi huohuo wanawake wakaandamana kudai kwamba nguo ya mwanamke ni chaguo lake, na kabla ya mwaka kwisha sheria ilikuwa imebadilishwa: anayemvua mtu nguo kwa nguvu afungwe si chini ya miaka 10. Anayetaka kuandika kuhusu siku zile ataanzia wapi, kama si magazetini na kwenye simu za watu? Wasomi huja baadaye, na ukiwafungua utawakuta wao wenyewe wakinukuu magazeti. Hapo sitaji bado bei ya majarida ya kitaaluma, yale wanamochapisha wasomi. Mwanafunzi akitoka nje ya mtandao wa chuo, anaonyeshwa muhtasari wa aya moja, kisha anadaiwa dola. Gazeti analisoma ndani ya matatu.

Kwa hiyo nilimwambia tuache kuuliza chanzo kimevaa suti au kanzu. Tuulize kimebebeshwa mzigo gani. Tukaisoma sentensi iliyotiwa wino. Alikuwa ameandika: "Yote yaliyomo katika riwaya yamewahi kutokea," na ushahidi wake ni gazeti lile. Atwood amesema mara nyingi kwamba hakuweka humo jambo ambalo binadamu hawajawahi kulitenda. Kuthibitisha kwamba alisema hivyo, mahojiano ya gazetini yanatosha kabisa. Kuthibitisha kwamba mambo yenyewe yalitokea ni habari nyingine. Mkono wa gazeti haufiki huko. Hapo unatafuta wanahistoria wakueleze Amri ya 770 ya Romania, ya mwaka 1966: mtawala wa nchi hiyo, Ceaușescu, alipopiga marufuku utoaji mimba, isipokuwa kwa hali chache, wanawake wakawa wanapimwa mimba kazini, na vifo vya wajawazito vikapanda hadi amri ilipofutwa Desemba 1989. Kalamu nyekundu ilikuwa sahihi, ingawa maneno matano yale hayakumweleza mtoto kosa lake.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba insha nzima haikugusa mlango wa mwisho wa riwaya. Nadhani wengi huuruka. Ni kongamano la wasomi, tarehe 25 Juni 2195, Gilead imeshaanguka zamani. Profesa Pieixoto anaeleza jinsi yeye na mwenzake walivyopata kanda karibu 30 zenye sauti ya mwanamke anayesimulia riwaya, mmoja wa wale waliogawiwa wakubwa, na kuzipanga kwa kukisia. Anatania, ukumbi unacheka. Anawaonya wenzake wasiihukumu Gilead, kazi yao ni kuielewa. Kisha analalamika kwamba mama huyo hakuwaachia habari za maana: wangetoa nini wapate walau kurasa 20 kutoka kompyuta ya kamanda! Mwanamke amesimulia mwili wake ulivyogeuzwa mali ya serikali, na msomi anatamani karatasi za aliyemmiliki.

Binti aliusoma mlango ule palepale mezani, chai ikapoa. Alipomaliza akavuta insha yake, akaigeuza, akaanza kuandika nyuma ya ukurasa wa tatu. Kisha akasita.

"Sasa huyu Pieixoto, Shangazi, nimweke kwenye vyanzo vya kitaaluma?"